Aliyetoa Ufunguo

Watu wa Chumbageni wa umri wangu wakikitaja kifo cha mama yangu husema "ile ajali." Husema hivyo kwa upole, mkono kifuani, na mimi huwaacha wamalize kahawa yao kisha nawaambia haikuwa ajali, na neno hilo wasilitumie ndani ya nyumba yangu. Wanangu hunikanya. Mama, yamepita hayo, Wazungu wenyewe wameshakwenda kwao, bado tu? Ndiyo, bado. Nazi ikikuangukia unapita chini ya mnazi, hiyo ni ajali. Mtoto aliyepewa gari na baba yake akalifanya la kuchezea watu barabarani, huyo si nazi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza bado iko juu. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: bibi mzaa mama, mama, na mimi. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama alikuwa na kazi ya vyungu. Alikwenda Pongwe kwa wafinyanzi, akachukua vyungu na mitungi, akavipanga kwenye tenga, akajitwisha, na kurudi mjini kwa miguu kuviuza. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachumbiwa, na siku za mzigo mwingi nilifuatana naye. Alitembea kwa kukanyagia nje, kama bata, na njia nzima alikuwa akisema: anawasema kuku, anawasema watoto, anamsema mwenye shamba aliyeyaachia majani yakaja mpaka barabarani. Mtaa mzima uliujua ulimi wake, na mtaa mzima ulinunua vyungu vyake.

Jirani yetu alikuwa mfanyabiashara wa nazi na machungwa. Alikuwa na duka, na mbele ya nyumba ana baraza pana ambapo wazee walikaa jioni wakinywa kahawa yake, na alikuwa na gari dogo la mizigo, pikapu, la rangi ya kijani. Enzi hizo mtu mweusi mwenye gari lake mwenyewe Tanga nzima ungeweza kumwonyesha kwa kidole. Hatukumwonea choyo. Mwanawe wa kiume wa pekee, mama yangu alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, kwa sababu mama yake alitoka kwenye uzazi akiwa mgonjwa na hakuweza kumshika. Ndiyo ujirani ulivyokuwa.

Na tena walikuwa watani wetu. Sisi kwa asili ni Wabondei, wao Wadigo, na makabila yetu yanataniana tangu huko kwa mababu. Siku hizi vijana wanadhani utani ni maneno ya kuchekeshana kwenye mpira. Utani ulikuwa sheria. Mtani wako akikuta ndizi zako zimeiva anakata mkungu na kuondoka nao, na wewe unacheka. Akija kwenye msiba wako anamwiga marehemu, anajilaza kwenye jeneza tupu, anajifungia wali wa matanga kwenye kanga, na huna ruhusa ya kununa. Ndiyo kazi yake. Msiba umekulemea, yeye anakuja kukupasulia kidogo uvute pumzi. Mtani hakasirikiwi, tuliambiwa, na mtani hashitakiwi.

Yule kijana alikuwa na miaka kumi na sita baba yake alipoanza kumwachia gari. Leseni hana, na umri wa kuipata hajaufikia. Baba yake alikaa barazani akijisifu kwamba mwanangu analigeuza gari kwenye uchochoro ambao dereva wa Mzungu angeshindwa, na wazee wale, kahawa ya watu mkononi, wakasema mashallah. Hakuna aliyesema kinyume. Samaki mkunje angali mbichi, walikuwa wakituambia sisi watoto wa maskini tukichelewa kuamka. Kwa mtoto wa mwenye gari methali iliwakauka mdomoni.

Kwanza alikanyaga kuku. Halafu akamvunja mbuzi wa mjane mmoja pale karibu na bomba la maji. Nakumbuka mbuzi yule kuliko ninavyotaka. Miguu ya nyuma imekwisha, analia, na watu wakakimbia kutafuta kisu wamuwahi kabla hajafa, asije akawa haramu. Akachinjwa, bismillahi, mfanyabiashara akatoa mchele na samli, na jioni mtaa mzima ukala pilau. Kijana alikaa katikati ya wenzake akipigwa mabega kama bwana harusi. Tulikula sote, hata bibi. Mama peke yake aliusukuma mkono wa aliyempelekea sahani, akasema nyama hiyo itamkwama. Wakamwambia ana mdomo.

Baada ya mbuzi akabuni mchezo. Barabara ya Pongwe ilikuwa na wanawake asubuhi na jioni, mizigo kichwani, kuni, mihogo, machungwa. Yule kijana, na wenzake wamesimama nyuma ya gari wakishikilia vyuma, alilileta gari kwa kasi mpaka ukingoni kabisa, usoni mwa wanawake. Wanawake wakatupa mizigo na kurukia majanini. Kule nyuma vicheko. Yeye akaurudisha usukani na kwenda zake, na wewe ukabaki unaokota machungwa yako kwenye mtaro. Mimi niliruka mara mbili. Mara ya pili nilipasua goti, na nikaenda mwenyewe mpaka barazani kwa baba yake kumwambia. Alinisikiliza vizuri, akatabasamu. Akasema, "Si mtani wako? Anakutania." Wazee wakacheka.

Neno lile ndilo nataka mtu alishike hapa. Kabla damu haijamwagika yule baba alikuwa ameshaambiwa, tena na mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Na jioni ile ufunguo wa gari alimpa mwanawe tena.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, jua limekaa mgongoni, tunatoka Pongwe. Tulikuwa wanawake wanne, mama mbele na tenga la vyungu, wawili wa Pongwe katikati, mimi nyuma na mzigo mdogo wa vifuniko. Njiani mama alikuwa amesema kwamba yeye mchezo ule umemchosha. Vyungu si machungwa, ukivitupa huokoti kitu. "Leo siruki," alisema. "Atasimama. Mtoto huyu nimembeba, ananijua."

Gari likaja, tukalisikia kabla ya kuliona. Tulipoliona lilikuwa limeshaacha katikati ya barabara, linatujia ukingoni kama kawaida yake, na vijana nyuma wanapiga bati kwa viganja. Wale wawili waliruka. Mimi niliruka. Mama alishika tenga kwa mikono miwili na akaendelea kutembea kwa mwendo wake ule wa bata, hata hatua hakuongeza. Nikageuza kichwa nimwite. Nilimwona, na niliuona uso wa kijana nyuma ya kioo, bado anacheka, na ninamaanisha bado anacheka. Alingoja aruke. Mama naye alingoja asimame.

Sitasema zaidi juu ya mwili wa mama yangu. Vyungu vilivunjika vyote. Vijana waliruka kutoka nyuma ya gari wakatawanyika kwenye mkonge, na yule dereva wao akakaa pale pale kwenye kiti, mikono kwenye usukani, mpaka wanaume walipokuja kumtoa.

Tulimzika kesho yake asubuhi, na matanga yakaanza. Watani wakaja, kama ilivyo ada, na wa kwanza kabisa alikuwa shangazi yake kijana, dada wa yule mfanyabiashara. Nani angemzuia? Hujui hata kama unaweza kumzuia. Alikuja na wenzake kadhaa, akaingia ndani, akachukua kanga ya mama iliyokuwa kwenye kamba, akajifunga, akajitwisha chungu, na akatoka uani kwa ile ile miguu ya kukanyagia nje. Akaanza kuwasema kuku. Akamsema marehemu mwenyewe, mvivu wewe, umelala mpaka saa hizi, vyungu atauza nani? Ilikuwa sauti ya mama. Astaghfirullah, aliipata barabara, mpaka kile kikohozi chake kidogo kabla ya tusi. Wanawake uani wakalipuka. Na bibi yangu, aliyekuwa hajatia tonge kinywani tangu habari zimfike, kicheko kikamtoka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, akaanguka ubavu, tukamshika.

Wakati ule nilishukuru. Nilidhani yule shangazi amemsaidia bibi kulia, maana mpaka hapo alikuwa hajalia. Labda ndivyo alivyokusudia, shangazi wa watu, sijui, na yeye ni marehemu sasa. Lakini kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, na alikiona kile kicheko, na akakichukua akaenda nacho.

Wiki haikwisha, wazee wakaja. Wale wale wa barazani. Walikaa kwenye mkeka wakaanza mbali, kama wanavyoanza watu wenye jambo bovu: kudura ya Mwenyezi Mungu, siku ikifika haina la kuzuia, kijana ni mtoto, baba yake hali chakula. Polisi wameshafungua kesi, wakasema, lakini nyinyi ni watani, mtani hashitakiwi, na isitoshe mmeshasamehe. Bibi akauliza nani kasamehe. Wakamwambia: wewe, ulicheka, ulimpokea mtani na ukacheka naye, na kwa mila yetu aliyecheka na mtani hana kinyongo. Bibi alikuwa mtu wa mila kuliko wao wote na alijua kwamba, kwa maneno matupu, hawakusema uongo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasema kwa sauti kwamba kama ni kudura, mbona hakukanyagwa mtoto wa mmoja wao. Mzee mmoja akaniambia nina mdomo kama mama yangu. Nikamwambia alhamdulillah.

Kesi ilisikilizwa mjini, korti ya hakimu Mzungu. Kijana alishitakiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari. Na baba je? Baba alishitakiwa kwa kumruhusu asiye na leseni kuendesha chombo chake, kosa la kusimama mbele ya hakimu dakika chache, ukatozwa faini na ukarudi dukani, kama mtu aliyekamatwa na baiskeli isiyo na taa. Mimi sikusoma sheria. Niliuliza siku ile na nauliza leo: mkono uliotoa ufunguo, baada ya kuku, baada ya mbuzi, baada ya goti langu, ulikuwa na kosa la leseni tu?

Nilipanda kizimbani nikasema niliyoyaona. Nikasema kwamba ulikuwa mchezo, kwamba aliufanya kila siku, kwamba alikuwa anacheka. Wakili wao, mtu mpole, suti nyeupe, akaniuliza kama niliruka. Nikasema ndiyo. Wote watatu mliruka? Ndiyo. Kwa hiyo nafasi ya kuruka ilikuwepo. Marehemu peke yake hakutaka? Nikasema mama hakuwa na wajibu wa kuruka, barabara ni ya watu. Akaniuliza, wakati naruka majanini, macho yangu yalikuwa wapi. Hakungoja nijibu, akakaa chini. Nikashuka pale nikiwa nimeshakuwa binti anayejitungia mambo kwa uchungu, na mama yangu akawa mwanamke mbishi aliyekaidi gari. Yaani mwenye nguvu mpishe ilikuwa sasa imeingia kortini, na asiyempisha, kosa lake.

Kisha wakaitwa wazee kueleza mila. Hapo hakimu akachangamka. Alikuwa Mzungu wa kupenda mila, mwenye Kiswahili cha kujifunza, na aliuliza maswali mengi juu ya utani, nani anataniana na nani, na tangu lini, akiandika kwa furaha. Wale wazee wakajibu kwa adabu zote. Mwisho wakamwita bibi. Alipanda taratibu, ameshika fimbo, na nilijua alikuwa amejiandaa tangu alfajiri kwa alilotaka kusema.

Wakili akamuuliza, "Bibi, hawa ni watani wako?"

"Ni watani wangu."

"Na siku ya matanga ulicheka nao?"

"Nilicheka, lakini..."

Mkalimani akamwambia ajibu alichoulizwa, basi. Bibi akafungua mdomo tena. Wakili alikuwa ameshakaa. Hakimu akamshukuru kwa Kiswahili, asante sana mama, na askari akamshika kiwiko kumteremsha. Lile neno baada ya "lakini" hakuna aliyelihitaji.

Hakimu akasema ni mtoto, ni kosa lake la kwanza, marehemu naye angeweza kujiokoa, na familia zimekwisha kupatana kwa mila zao nzuri, ambazo serikali inaziheshimu. Akamtoza kijana faini, na akamkataza asishike usukani mpaka afike umri wa leseni. Hakuna mtu katika chumba kile, kuanzia saa tatu mpaka tulipotoka, aliyetamka kwamba kijana alimuua mama yangu. Wote walisema "tukio." Nje ya korti mfanyabiashara alimpa bibi mkono akamwambia, haya mtani, yamekwisha. Bibi aliutazama ule mkono, akaupokea.

Njia nzima sikusema naye. Nilikuwa na hasira naye kwa ule mkono kuliko niliyokuwa nayo kwa hakimu. Tulipofika nyumbani nikamwuliza kwa nini. Alivua viatu, akakaa, akasema, "Wamesema ni utani, mjukuu wangu. Haya. Tutataniana."

Idi Ndogo ilitukuta miezi michache baadaye. Baada ya sala baraza ya mfanyabiashara ilijaa, kanzu mpya, halua, ubani, wazee wote wapo, na kijana amekaa karibu na baba yake, amevaa kofia ya viua iliyotariziwa. Bibi alivaa vizuri, akaniambia nimfuate. Tulipofika barazani watu wakamsogezea nafasi, wakaanza kumwamkia. Akawapungia mkono wasubiri. Akamwendea kijana, akapiga goti mbele yake, mwanamke mzima yule mwenye mvi, viganja pamoja kama msichana mbele ya mkwewe, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Shikamoo, uliyemuua mwanangu."

Wawili watatu wakacheka, maana ni mtani na anatania, kikongwe kumwamkia mtoto, ni utani wa haki. Bibi akabaki pale pale, goti chini, anangoja kuitikiwa. Kicheko kikapungua. Mfanyabiashara akaona watu wanamtazama, na angefanya nini? Angekasirika? Yeye ndiye aliyewaleta wazee mbele ya Mzungu kuapa kwamba mtani hakasirikiwi. Akatabasamu kwa nguvu, akamgusa mwanawe bega, akasema, "Mjibu mtani wako."

Na kijana akajibu. "Marahaba."

Sauti ilikuwa ndogo, na kila mtu aliisikia. Bibi akasema, "Haya, nimekusikia," akanyanyuka kwa fimbo yake, na tukarudi nyumbani. Nyuma yetu baraza nzima ilikuwa kimya, siku ya Idi.

Tangu hapo hakumwacha. Akikutana naye bombani, shikamoo uliyemuua mwanangu. Sokoni, vivyo hivyo. Kwenye harusi, kwenye maulidi, mlangoni mwa duka wateja wamejaa. Daima kwa heshima, daima kwa goti, hata magoti yalipoanza kumuuma. Hakuwahi kumtukana wala kumlaani. Na kijana, sijui kwa nini, aliitikia kila mara. Angeweza kukimbia. Wenzake wote waliokuwa nyuma ya gari walikuwa wakituona mbali wanakata kona.

Wazee wakarudi mkekani, mara hii na mfanyabiashara mwenyewe. Alisema bibi anamharibia mtoto, mtoto hali, halali, anadhoofika. Alisema utani una mipaka yake. Ndipo bibi alipolisema lile alilonyimwa kizimbani, taratibu, anamtazama yeye tu.

"Nilicheka, lakini nilimcheka mwanangu, sikucheka na nyinyi. Hilo ndilo nililotaka kusema kule. Sasa ukitaka utani ufutwe, nenda kwa hakimu wako. Si yeye aliyeuandika?"

Mfanyabiashara aliondoka bila kuaga. Mkuki kwa nguruwe, nikamwambia mgongoni, na nadhani alisikia.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kijana alipokuja. Alikuja peke yake, kwa miguu, mchana, amelowa. Alikuwa amekonda kweli, kanzu inamning'inia. Mimi nilikuwa uani napepeta mchele, na nilipomwona nikasimama mlangoni nimzuie. Bibi akasema nimwache apite. Kijana aliona bibi anashika fimbo aje kupiga goti lake, na akamwahi. Alianguka yeye magotini, kwenye sakafu ya udongo.

"Shikamoo bibi," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua mwanao. Nilimwona haruki, na nilikuwa na nafasi ya kukata usukani. Nilitaka aruke."

Nje kuku walikuwa wanalia wakikimbia mvua. Sikumwona bibi analia.

"Marahaba," alisema. Halafu akasema, "Wewe umekuja. Na aliyekupa ufunguo?"

Kijana alitazama chini. Akasema baba yake hajui kwamba amekuja. Bibi akamwambia amwambie, na kwamba anamsubiri, mlango uko wazi, na hataki kitu chake chochote, anataka apige goti pale pale na ataje sehemu yake. Baada ya hapo bibi hakumwamkia tena kijana. Wakikutana aliamkiwa yeye, kama mkubwa anavyoamkiwa, na akaitikia. Mimi sikumwitikia siku ile, na sikumwitikia baadaye. Watu husema kijana alitubu, na mimi sibishi, labda kwa Mungu. Alihamia Mombasa kabla bendera haijabadilishwa, na niliambiwa kwamba maisha yake yote hakushika tena usukani. Mama yangu naye hakushika tena chungu.

Baba yake hakuja. Bibi alikaa na mlango wazi mchana kutwa, hata siku za upepo, hata nilipomwambia vumbi linaingia kwenye chakula. Alipokuwa anakata roho aliniuliza kama yule bwana amepita. Nikamwambia bado.

Basi mimi ni mjukuu wa bibi yangu, na utani ni wangu pia. Siku ya saba ya matanga yake nilikwenda barazani kwa mfanyabiashara, mbele ya wazee wale wale, nikapiga goti. "Shikamoo, uliyetoa ufunguo," nikamwambia. Aligeuza uso akamwita mtu alete kahawa. Nilimwamkia hivyo kila nilipomwona, nikiwa na mimba, nikiwa na mtoto mgongoni, nikiwa na haraka zangu. Mume wangu aliniomba niache. Imamu alinifuata nyumbani. Yule bwana aliitikia salamu za mji mzima, mpaka za vichaa, lakini yangu, hata siku moja.

Alipokufa nilikwenda msibani, maana mtani ana wajibu. Jeneza lilikuwa uani, limefunikwa, wanaume wanajiandaa kulibeba. Wanawake wakaniona, wakaanza: mtani amefika, haya mtani, mwige, tuchekeshe, tumechoka kulia. Nikasogea mpaka karibu, nikapiga goti.

"Shikamoo, uliyetoa ufunguo."

Nikakaa pale pale kidogo, nangoja kuitikiwa. Hakuna aliyecheka.